Dada Aliporudi na Maneno

Dada yangu alikuwa mtu wa neno moja. Majirani zetu wa Kismayu wakija kumsalimu, hujibu "alhamdulillahi" na kuendelea na cherehani yake. Mimi mdogo wake ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba, na wote wawili tulikuwa tumeridhika hivyo.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma, akawa anaanguka. Nikampeleka Mombasa kwa jamaa zetu. Picha ya hospitali ilionyesha uvimbe nyuma ya paji la uso. Daktari alisema si saratani, utatolewa, ila akanivuta kando.

"Sehemu hii ya ubongo humzuia mtu asiseme kila linalomjia. Huenda akarudi na tabia nyingine kidogo."

Kidogo! Alirudi akisalimia hadi madereva wa bajaji. Aliingia nyumba ambazo miaka yote alizipita akitazama chini, akacheka kwa sauti, mkono begani mwa mwenzake. Wanawake wa mtaa walimpenda; asubuhi walijaa barazani kwetu na birika zao za chai. Mimi sikutulia. Akitoka, nasimama mlangoni. Akikawia, navaa buibui namfuata, na sijui ninachokwenda kuzuia.

Siku moja tulikwenda kumpa pole mjane ambaye ugomvi wa mumewe, Mungu amrehemu, tuliusikia sote kupitia ukutani.

"Pole, abaayo, ndugu yangu," dada alimwambia. "Lakini sasa utapata kulala."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mjane alimtazama, halafu akacheka huku machozi yakimtoka, na hakuuachia mkono wa dada mpaka tulipoaga. Lakini juma hilo hilo dada alimuuliza binti wa jirani, aliyeposwa juzi tu, mbele ya mama yake, "Kwani huyu unamtaka?" Mama yule hajakanyaga kwetu tena.

Nikaanza kumkataza. "Leo usitoke. Watu wanatusema."

Hakukasirika, akanijibu kwa Kibajuni chetu. "Wachu hawana neno, mdogo wangu. Wewe ndiye huna raha."

Alipoalikwa harusi kisiwani Chovai, kwa shangazi yetu, alikwenda, na harusi ilipokwisha hakurudi. Nikabaki na nyumba kimya, kimya kile kile nilichokuwa nikikililia, nikashindwa kukaa ndani yake. Nafagia palipofagiliwa. Nachemsha chai, nasahau kuinywa. Nikipiga simu, nasikia vicheko nyuma yake.

"Unatembeatembea chumbani," aliniambia siku moja.

"Nimekaa."

"Mwongo. Nasikia ndara zako."

Mwisho nilipanda boti nikaenda. Nilimkuta uani kwa shangazi, wanawake wamemzunguka, wanachambua dagaa. Aliponiona, alimsukuma mwenzake kwa nyonga nipate nafasi, kama vile nilitoka tu kwenda kuchota maji.

Nilikaa. Nilimtafuta usoni yule wa neno moja, nikamwona kidogo alipoinama kwenye sinia, kisha akainua kichwa kusema jambo na akapotea. Wenzake walicheka. Mguu wangu ulikuwa unatikisika chini ya buibui, siwezi kuuzuia. Shangazi akaniuliza nitalala au narudi na boti ya alasiri.

"Sijui," nikamwambia. Na kweli sikujua.