Niliitwa Shujaa Mbeya, Kumbe Sikujua Kurudisha Gari Nyuma

Wakuu, mwaka 1957 watu walinibeba mabegani pale Mbeya mjini siku niliyotoka jela.

Vigelegele, ngoma, kinamama wamefunga kanga viunoni. Eti nimemgomea mzungu barabarani.

Sikumgomea.

Ukweli nimeukalia miaka sitini na nane, na sitaki kuzikwa nao.

Naitwa Muhidini. Nina miaka tisini na mbili na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mwenye haraka apite kushoto.

Shule sikuiona. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, dukani kwa Himmat, Iringa. Kwa hiyo vijana mnaoniletea habari za mkoloni "alitujengea barabara", mkae kimya kidogo. Barabara hizo nimezila vumbi lake.

Himmat alikuwa tajiri wangu. Nilikuwa utingo kwenye lori lake miaka sita, Iringa–Mbeya, Mbeya–Iringa.

Miaka sita namwangalia dereva. Akikanyaga, naangalia mguu. Akibadili gia, naangalia mkono. Usiku nikilala naendesha ndotoni.

Himmat aliponunua gari jipya, akaniuzia boksibodi lake la zamani, kigari cha mizigo. La bluu, mlango mmoja umefungwa kwa waya.

"Muhidini, wewe najua endesha hii?"

"Najua, tajiri."

"Yote najua?"

"Yote."

Nilijibu hivyo mbele ya wapagazi wote wa duka. Mtu mweusi mwenye gari lake, Iringa, mwaka ule! Ungekuwa wewe ungesema "kidogo"?

Leseni sikuwa nayo. Boneti sikuifungua. Aliyeniuliza mle ndani kuna nini, nilimwambia mimi nimenunua gari, sikununua utumbo wa gari.

Nikatoka Iringa asubuhi, jioni ya siku ya pili nikaingia Mbeya. Chimala nzima ilinisikia, maana niliimba njia nzima. Hakuna lililonishinda. Barabara ilikuwa mbele, na mimi nilikwenda mbele.

Balaa nililijua sokoni. Nililiegesha gari limetazama ukuta.

Nikaingia ndani, nikawasha, nikashika gia.

Sasa?

Nikaivuta huku, nikaisukuma kule. Gari likalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Likaruka mbele, likaugonga ukuta.

Ndipo akili ikanijia, jasho likanitoka na ile baridi ya Mbeya.

Sikilizeni kazi ya utingo ilivyokuwa. Lori likitaka kurudi nyuma, utingo anaruka chini. Anakimbia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu, anasimama, anapiga kelele: "Njoo! Njoo! Kata kushoto! Hapo hapo!"

Miaka sita, kila lori liliporudi nyuma, mimi nilikuwa nje, nyuma yake.

Mkono wa dereva unafanya nini wakati ule, sikuwahi kuuona hata mara moja.

Nikawaambia vijana wa sokoni gari lina baridi, wakanisukuma kinyumenyume. Ningeuliza dereva yeyote angenionyesha kwa dakika moja. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema "yote".

Basi nikawa naishi kwa kuzunguka. Nikitaka kugeuza, natafuta uwanja. Nikiegesha, naegesha mteremkoni, pua imetazama njia. Watu wakasema, "Muhidini anaegesha kidereva kweli." Nikacheka nao.

Sasa twende kwenye lenyewe.

Marehemu baba alituachia shamba Ilomba. Mlowezi mmoja aliyekuwa jirani akalitaka, akaandika kwamba ardhi ile haina mwenyewe. Unaiona hiyo? Baba kazikwa mle ndani, halafu haina mwenyewe!

Shauri likapelekwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kizungu, Mbeya. Wazee waliomgawia baba shamba walikuwa wamekufa wote. Aliyebaki hai aliyeona mipaka ikiwekwa ni mmoja tu: mama yangu, Bi Mwantumu.

Mama alikuwa Chunya kwa dada yangu. Karani akatuambia wazi: Jumanne, kabla ya saa sita mchana, shahidi awe amesimama barazani. Asipofika, shauri limekufa na shamba limekwenda.

Dada alikuwa ameshampatia mama nafasi kwenye lori la Jumatatu.

Nikalikataa. "Mama yangu apande juu ya magunia, mimi nina gari?"

Jumanne alfajiri tukatoka Chunya, mimi na mama. Amevaa kanga mbili kwa ajili ya baridi, mapajani ana viazi vya kuchemsha.

"Hili gari lako linanuka moto," alisema.

"Ndivyo yanavyonuka, mama."

Barabara ya Chunya ya siku zile, ukianza kupanda mlima, ni gari moja tu. Mkono huu ukuta wa mlima, mkono huu korongo. Ukungu unapita chini yako.

Sheria ilisema aliye chini anayepanda ndiye anayepishwa. Hiyo ni ya kwenye karatasi. Barabarani, mweusi alimpisha mzungu, awe anapanda, anashuka au amelala.

Saa mbili asubuhi, katikati ya mlima, nikakata kona.

Uso kwa uso na gari la mzungu.

Alikuwa mchimba dhahabu, watu walimwita Bwana Ndevu. Pembeni yake amekaa mpishi wake, Kasian.

Akapiga honi. Mimi nikakanyaga breki, nikatulia.

Akapiga tena, ndefu. Akatoa kichwa dirishani.

"Wewe! Rudi nyuma!"

Wakuu, hapo kimenuka.

Nikajaribu jambo moja la kijinga. Nikaachia breki kidogo, nikasema gari litarudi lenyewe kwa mteremko. Likarudi kweli. Nikakata usukani, kumbe ukirudi nyuma mambo yanageuka. Mkia ukaelekea korongoni.

Nikasikia mawe yanaporomoka. Sikusikia yakifika chini.

Mama akapiga shahada. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa ukingoni.

Mbele mzungu, nyuma hakuna kitu, ubavuni mlima.

"Rudi nyuma, nasema!"

Nikaing'ang'ania breki ya mkono, macho mbele.

Mama akanigeukia polepole.

"Hujui kurudi, sivyo?"

"Mama, nyamaza."

"Sijakutukana, baba. Nimekuuliza."

Nyuma ya mzungu lilikuwa limesimama lori la duka la Fidahussein, limejaa abiria juu ya mizigo. Wakashuka. Wakamwona mzungu anatukana, na mtu mweusi ameshika usukani, anatazama mbele tu, hajibu.

Mmoja akasema kwa sauti, "Leo amekutana na mwanamume."

Mwingine akapiga makofi. Wakajaa barabarani.

"Usirudi, kaka! Wewe ndiye unapanda, haki yako!"

"Mwambie arudi yeye, kwani yeye ni nani?"

Nilisikia, na mbele ya Mwenyezi Mungu, nilifurahi. Woga ule ule ulionigandisha, watu wakaupa jina zuri, nami nikalipokea.

Kasian peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama magoti yake.

Saa tatu ikapita.

Dereva wa lori, Jailos, akaja dirishani kwangu. Mtu mzima, mtaratibu. Akaangalia gurudumu langu la nyuma, akaangalia mkono wangu kwenye gia. Akaona.

Akainama, akanong'ona, "Bwana mdogo, sogea. Nikutolee. Nitalirudisha mpaka pale penye upana, dakika tano tu."

Dakika tano. Mama angefika Mbeya saa nne na nusu.

Nyuma ya Jailos watu wanapiga makofi. Mzungu amesimama mkono kiunoni. Nikikubali, nimekiri mbele yao wote kwamba sijui gari langu. Na mzungu atapita anacheka.

"Sirudi," nikasema kwa sauti, wasikie. "Mimi ndiye ninayepanda."

Makofi yakapasua mlima.

Jailos akanitazama kama mtu anayetazama chakula kilichomwagika.

Mama akaanza kuufungua ule waya wa mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Ilomba."

"Mama, kaa. Atarudi huyu mzungu, utaona. Utafika na gari la mwanao."

"Mwanangu, wewe kaa na gari lako. Baba yako amelala kule peke yake."

Akashuka. Akajibana kati ya gari langu na mlima, akapita mbele ya mzungu bila kumsalimia. Umri ule, miguu ile imevimba, akaanza kupanda mlima.

Jailos akamfuata. "Mama, panda huku kwangu."

Akamweka mbele kwenye lori. Kisha yule mzee akalirudisha lori nyuma, kupanda, kona baada ya kona, utingo wake anapiga kelele nyuma, "Njoo! Njoo! Kulia kidogo!" Nikazisikiliza zile kelele mpaka ukungu ukazimeza.

Alirudi hivyo mpaka mlimani juu kulikopanuka, nusu maili hivi. Akageuza, akampeleka mama yangu Mbeya.

Mimi nikabaki.

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka jua likasimama utosini. Abiria waliobaki wananiletea maji, wananipa mikono. Viazi vya mama vipo kitini, vimepoa. Sikuweza kuviangalia. Kushuka sikuthubutu, niliogopa gari litaondoka nyuma. Kurudi sijui. Kwenda mbele nimezibwa.

Saa sita ikafika nikiwa pale pale. Sikujua shamba ni letu au si letu.

Saa nane askari wawili wakaja kutoka Mbeya. Mmoja akaliona gurudumu langu.

"Hili haliwezi kurudi, litaanguka," akamwambia Bwana Ndevu. "Bwana, itabidi wewe."

Yule mzungu akawa mwekundu. Akawaka, akasema yeye hataliendesha gari lake kinyumenyume kwa ajili ya mtu mweusi. Wakitaka, walisukume.

Watu walilisukuma wakiimba! Mzungu mbele ya macho yetu anarudishwa nyuma, kona baada ya kona, mabega ya watu weusi kwenye pua ya gari lake. Mimi nafuata taratibu na gia ya kwanza, kama bwana harusi.

Pale juu askari akaniuliza neno moja tu.

"Leseni?"

Mwezi mmoja jela.

Wiki ya kwanza Jailos akaja kuniona. Mama alifika saa sita kasoro robo, vumbi tupu. Akautaja kila mti na kila jiwe la mpaka, akamtaja na aliyeliweka. Karani wa mlowezi akajaribu kumchanganya, mama akamwuliza yeye amezaliwa lini. Shamba likabaki letu. Lipo mpaka leo.

"Na lile jingine," nikamwuliza Jailos, "umemwambia mtu?"

"Lipi?" akasema. Akaondoka.

Nikatoka, nikabebwa mabegani, nikaitwa Muhidini Asiyerudi. Wakaniita kwenye mikutano, Mbeya, Iringa, mpaka Ilula. Nikapanda juu ya meza, nikasema "hatutarudi nyuma", watu wakalia. Hasira yangu ilikuwa ya kweli, sikuigiza. Ila kila nikiteremka mezani, namwona mama anapanda ule mlima kwa miguu.

Siku ile ya mabega, nilipofika nyumbani, mama alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama.

"Karibu, shujaa," akasema. "Maji yako mtungini, kajichotee."

Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Mngedhani yameisha. Mwaka 1959 nikakutana na Kasian sokoni Mbeya, ameacha kazi kwa Bwana Ndevu. Tukakaa kwenye chai.

Nikajitapa kidogo. Nikasema, "Bosi wako siku ile alikutana na kisiki."

Kasian akaweka kikombe chini.

"Kaka, lile gari halikuwa na gia ya nyuma."

"Unasemaje?"

"Ilikufa miaka mitatu kabla. Fundi alimwambia alilete gari, aitengeneze. Akasema ya nini? Kila anayekutana naye njiani anarudi mwenyewe. Miaka mitatu hakuihitaji hata siku moja. Siku ile alikuwa anatetemeka, mimi nilikuwa pembeni yake. Alikuwa anaomba Mungu urudi, watu wasijue."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Kisha nikaacha kucheka.

Wanaume wawili wazima, kila mmoja amefungwa ndani ya gari lake, kila mmoja anaficha kitu kile kile. Tofauti ni kwamba yeye jeuri yake ilibebwa na serikali nzima. Mimi yangu ilibebwa na miguu ya mama yangu.

Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kuliko jela.

Sasa naona humu mnaulizana habari za haya magari ya umeme. Mtu ana fedha yake halali, anaogopa kununua eti hajui betri inavyofanya kazi. Wengine wameshanunua, wanajifanya mainjinia.

Nunua, ndugu yangu. Usingoje ujue kila kilichomo ndani, mimi boksibodi lile niliendesha miaka tisa na utumbo wake sikuujua wote. Kifua mbele, tembea na gari lako, usikubali mtu akwambie si la watu kama wewe. Hayo maneno tuliyasikia zamani.

Lakini siku ya kwanza, kabla hujaondoka nalo, muulize anayekuuzia kila kitu utakachotakiwa kukifanya kwa mkono wako. Uliza mbele za watu. Uliza mara mbili. Wacheke.

Kurudi nyuma nilifundishwa na Jailos, wiki niliyotoka jela, kwenye uwanja wa mpira. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Na ukikwama njiani, akaja mtu dirishani akakunong'oneza "sogea nikutolee", sogea. Sogea kabla mama yako hajaanza kufungua mlango.