Waliobaki Nyumbani Ili Wageni Wapate Viti

Saa moja na robo asubuhi, boti iitwayo Misago haijagusa gati la kisiwa cha Nagiura, lakini Fumiyo Kajitani ameshakanyaga gatini. Kamba ipo mkononi. Anaizungusha mara mbili kwenye kigingi, anaivuta, kisha anageuka kupokea maboksi anayosukumiwa na nahodha.

Maboksi ni matano, kila moja limeandikwa jina kwa wino mweusi. Ndani mna tofu, ile jibini ya soya, betri za kifaa cha kusikilizia, dawa za presha na mnyororo mpya wa msumeno. Vitu hivi Fumiyo alivinunua mwenyewe jana jioni mjini, kwa vikaratasi alivyopewa na wakazi wa kisiwa.

Bibi Yasue Hamaguchi, mwenye umri wa miaka 86, anasubiri na kigari chake cha kusukuma.

"Tofu laini imekwisha, bibi. Nimekuletea ngumu."

"Ngumu nitaitafuna kwa meno ya nani?"

"Kwa yako. Juzi niliyaona kwenye bilauri, yamekaa tu hayana kazi."

Bibi Yasue anacheka hadi anashika kiuno. Nyuma yake anakuja Mzee Genzo Tokuhira, miaka 79, ambaye leo ana miadi ya kliniki ya moyo. Fumiyo anamshika kiwiko, anamvusha na kumkalisha kiti cha mbele ambako boti hairuki sana. Dakika tatu zimetosha, na Misago inaondoka kuelekea Tamase, kisha mjini.

Kuanzia tarehe mosi Aprili, dakika tatu hizo hazitakuwepo. Halmashauri imeamua kwamba siku za kazi boti itapita tu mbele ya Nagiura bila kusimama, kwa sababu kisiwa hicho, kwa mujibu wa barua yao, "hakina abiria".

Nimeishi pwani hii miaka kumi na tisa na nimezoea barua za ofisini. Hii ilinitia hasira tangu mstari wa kwanza. Nagiura ina watu kumi na wanne. Haina duka, haina zahanati, na daraja haijawahi kuliota hata ndotoni. Hao kumi na wanne wasipopanda Misago wanapanda nini?

Fumiyo ana miaka 57. Alizaliwa Tamase, kisiwa cha pili, katika familia ya wakulima wa machenza. Alipofiwa na mume akiwa na binti wa darasa la sita, aliomba kazi kwenye boti. Mwenye boti wa wakati huo alimwambia kamba si kazi ya mwanamke.

"Nikamwambia sawa, basi nionyeshe wewe inavyofungwa," anasimulia. "Akafunga. Nikaifungua, nikaifunga vizuri zaidi yake. Kesho yake nikaanza kazi."

Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Mshahara wake leo ni yeni laki moja na elfu sitini kwa mwezi, na kazi ya kununulia watu vitu haimo ndani yake. Hajawahi kuidai. "Nipo mjini, wao wapo kisiwani. Nitapitaje dukani nijifanye sijui kwamba Bibi Yasue hana tofu?"

Sasa turudi kwenye hiyo hesabu ya kukosa abiria, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu.

Novemba iliyopita halmashauri ilituma notisi visiwani. Ilisema kwamba kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, maofisa wawili wangepanda boti ya asubuhi na ya mchana kuhesabu abiria. Ilisema pia kwamba wiki hiyohiyo idara ya utalii ingeleta wageni wanane, watu wanaopenda kuzunguka visiwa kwa boti ndogo na kupiga picha, ili waone kama njia hii itavutia wengine.

Misago ina viti kumi na viwili.

Watu wa Nagiura walikutana jikoni kwa Bibi Yasue, wakamenya machenza na kupiga hesabu. Maofisa wawili, wageni wanane, hao ni kumi. Vinabaki viti viwili, na Tamase nako kuna watu wa kupanda. Wakaona ni aibu mgeni atoke mbali aje aachwe gatini eti kwa sababu wenyeji wamejaza boti. Wakakubaliana, wote kumi na wanne, kwamba wiki hiyo hakuna mtu atakayesafiri.

Mzee Genzo aliahirisha kliniki. Dawa zake za moyo zilikwisha Jumatano, akakaa siku tatu bila.

"Ungefanyaje?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyekosea. "Mtu anakuja kwenu mara moja tu katika maisha yake. Moyo wangu ninao kila siku."

Bibi Yasue hakuridhika na kubaki ndani tu. Kila asubuhi alishuka gatini na mfuko wa machenza, akaukabidhi botini kwa ajili ya wageni, akainama na kuwatakia safari njema. Siku tano, mifuko mitano.

Ofisa aliyekaa na fomu aliyamenya, akala, akaandika sifuri.

Mwandishi wa habari hatakiwi kutukana, kwa hiyo nitanyamaza hapo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nagiura mgeni alikuja, mwenyeji akafutwa kwenye ratiba. Na si kwamba boti haitafika kabisa, la hasha. Jumamosi na Jumapili itasimama dakika arobaini nzima, ili watalii washuke waone paka wengi wa kisiwa na shule iliyofungwa. Yaani paka wamepata kituo. Wenye paka wamekosa.

Wiki ile ya kuhesabu, Fumiyo hakuwepo. Binti yake alikuwa anajifungua Hiroshima, naye alichukua likizo yake ya kwanza baada ya miaka minne. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mfanyakazi wa muda kutoka bandari nyingine, mtu asiyejua kwamba Jumanne Genzo lazima awe botini.

Lakini nahodha alijua. Sadao Morinaga ameendesha Misago miaka thelathini. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu alipoona gati la Nagiura tupu siku tano mfululizo. Alifuta usukani ambao tayari ulikuwa safi.

"Nilidhani wana msiba," alisema. "Au ugomvi. Mambo ya ndani ya watu hayaulizwi."

Fumiyo alikuwa amesimama nyuma yake. "Bosi, miaka thelathini unawabeba. Ungeuliza."

"Ningeuliza," Morinaga alikubali.

Barua ilipofika Januari, Fumiyo aliisoma gatini kwa sauti kwa sababu Bibi Yasue hakuwa na miwani. Ndipo mzee mmoja mmoja alipoanza kueleza, kwa aibu, kilichotokea Novemba. Fumiyo akaingia botini, na alipomaliza zamu mchana akaenda moja kwa moja halmashauri na sare yake, mabuti yakiacha maji kwenye zulia lao.

Ofisa aliyempokea, mmoja wa wale wawili wa kuhesabu, alimsikiliza vizuri, akamkaribisha chai. Mwishoni akasema, "Mama Kajitani, tunawahurumia. Lakini takwimu ndizo takwimu."

"Machenza yalikuwa matamu?" Fumiyo akamuuliza.

"Machenza gani?"

"Uliyokula wakati unaandika hizo takwimu."

Anasema ofisa aliinama kidogo, akatoka na kurudi na mkubwa wake. Walizungumza saa nzima. Alichopata Fumiyo ni siku moja: Jumatano ijayo, boti ya saa moja na robo, watahesabu upya. Wakipanda watu watano au zaidi kutoka Nagiura, uamuzi utarudishwa kikaoni. Wasipofika watano, barua inabaki ilivyo.

Watano, kati ya kumi na wanne. Mtu angedhani kazi imekwisha, lakini hajui watu hawa.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, Fumiyo alikwenda Nagiura nyumba kwa nyumba nami nikamfuata. Kila mlango ulikuwa na udhuru wake, na kila udhuru ulikuwa wa mtu mwingine. Mmoja alisema apande jirani yake mwenye mguu mbovu, yeye atangoja. Jirani mwenye mguu mbovu akasema anachelewesha watu kushuka, bora apande mwingine. Mzee Genzo akauliza kama si kiburi kupanda boti huku huna safari.

"Unayo safari," Fumiyo alimwambia. "Unakwenda mjini kunywa kahawa na mimi. Nalipa mimi."

"Kahawa inakatazwa na daktari."

"Basi utanitazama nikinywa."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Yasue. Jikoni palepale walipokubaliana kubaki nyumbani, Fumiyo aliweka karatasi yenye majina mezani. Yalikuwa kumi na moja. Alitaka la kumi na mbili.

Bibi alihesabu kwa kidole, polepole, mara mbili. Akakunja uso.

"Viti si ni kumi na viwili? Na huyo ofisa wa kuhesabu, atakaa wapi?"

"Anahesabu kwa macho, bibi. Kiti cha nini? Asimame gatini, atuone tukipanda."

"Asimame? Na baridi hii?"

"Asimame."

Nje paka alikuwa anakwaruza mlango na hakuna aliyeinuka. Hatimaye Bibi Yasue alichukua kalamu na kuandika jina lake chini ya mengine, kwa herufi kubwa, akaigonga kalamu mezani.

"Basi nitampelekea machenza," alisema.

Fumiyo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Safari hii, bibi," alisema, "utayala mwenyewe, ukiwa umekaa."