Vidole vya Rosalia

Mie na Rosalia tumebangua korosho pamoja miaka kumi na moja, kwenye karakana moja ndogo pale Mikocheni. Kwa hiyo nikisema mwanamke huyu hana alama za vidole, msidhani natania. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Mipira ya mikono tunapewa, tunaivua, maana inachelewesha na korosho zinavunjika. Tunajipaka majivu, kazi inaendelea. Ngozi inababuka mpaka vidole vinakuwa laini kama kipande cha sabuni.

Mumewe, Gervas, alifariki mwezi wa tisa. Laini ya simu waliyotumia wote wawili ilikuwa kwa jina lake. Munira, binti anayesajili laini chini ya mwavuli huku kwetu Kiwalani, akamwambia, "Pole sana, mama. Mwisho wa mwezi wa kwanza itafungwa, labda tuihamishie kwa jina lako. Weka kidole hapa." Rosalia akaweka. Mashine ikakataa. Akajaribu vyote kumi, ikakataa vyote.

Msione jambo dogo. Mama yake yuko Newala, macho yamekwisha, na namba hiyo anaibonyeza kwa mazoea kila Jumapili akitoka kanisani. Walijaribu kumfundisha nyingine akagoma, akasema anaijua ya mkwe wake tu.

"Anjelina, atadhani tumekufa wote," Rosalia aliniambia, machozi yanamtoka.

Mie nikiona uchungu huwa nakuwa mkali. Nikamwambia aache kazi miezi miwili ngozi irudi. Akaniuliza atakula nini.

Sasa sikilizeni. Kipindi kile cha korona makontena yaliadimika, korosho nyingi tukabaki nazo wenyewe, tukabangua mpaka mikono ikaomba poo. Msimu huu meli zikaja. Wanunuzi wa nje wakazizoa mnadani zikiwa ghafi, na maganda yake, zikabanguliwe huko kwao. Tajiri wetu hiyo bei hakuiweza. Mwezi wa kumi na moja akatuita, akasema, "Kina mama, mzigo hakuna. Nendeni, nitawaita." Nilisema maneno ambayo hapa siyarudii. Hivi kweli korosho yetu ipande meli kwenda kuvuliwa ganda na wenzetu, sie tukae majumbani, halafu irudi dukani kwenye pakiti inayong'aa?

Rosalia hakugombana na mtu. Alikaanga maandazi, akafua nguo za watu, siku zikasogea.

Katikati ya mwezi wa kwanza nikamsindikiza kwa Munira. Akaweka kidole gumba huku amefumba macho. Mashine ikakubali mara ya kwanza.

"Umepaka nini safari hii, mama?" Munira akauliza.

"Sijapaka kitu, mwanangu. Nimekosa kazi tu."

Jumapili nilikuwa kwake simu ilipolia. Bibi yule anaongea kwa sauti, nilisikia kila neno. "Rosa, mwanangu, bei ya korosho mwaka huu sijawahi kuiona. Meli zimekuja, nimeuza zote. Nyumba naezeka bati."

"Nimefurahi, mama," Rosalia akasema, na mie ninayemjua nawaambia alifurahi kweli.

"Na huko kazi inaendaje?"

"Inaendelea vizuri, mama."

Akaisogeza mikono iliyopona, akaificha ndani ya kanga, utadhani mama yake anaiona.