Foleni na Programu Isiyouliza

Wenzake walimwita Foleni, na hakuchukia. Jina alilitafuta mwenyewe kwa vitendo. Viatu vyake alivipanga mlangoni kwa kufuata siku alizovinunua. Chai aliinywa baada ya mkate, kamwe si kabla, na ukimletea chai kwanza ataiangalia ikipoa mpaka mkate ufike. Kila kitu, alisema, kina nafasi yake, na ukishaijua nafasi huna haja ya maelezo. Mtu wa namna hii ukimpa kompyuta umemwongezea kiburi tu.

Kompyuta alipewa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kile chenye mlango wa bati na mashine mbili kubwa za mabango. Miaka sita alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kisu, ile mashine ya kukatia karatasi. Huko hakuna dirisha, na ukipiga chafya vipande vya karatasi vinakurudia usoni. Saa za chakula alikuwa akijifunza kompyuta kwa kitabu cha kuazima, na baada ya miezi mitatu akatunga programu yake mwenyewe ya kuchapa mabango. Bosi akaitazama, akaona inafanya kazi, akamhamishia Foleni chumba cha mbele, kwenye kiti chenye magurudumu. Foleni alikipenda kile kiti, na siku ya kwanza alizunguka nacho mpaka kichwa kikamuuma.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuandikiwa amri kwenye kile kidirisha cheusi cha kompyuta. Hakuna picha za kubonyeza. Unaandika jina la programu, unafuatisha maneno matatu: faili, idadi ya nakala, na upana wa bango kwa sentimita. Kwa mfano:

chapa kikao.pdf 2 300

Hapo umeagiza mabango mawili ya mita tatu. Programu inayapokea maneno kama yanavyosimama, la kwanza, la pili, la tatu, na haiulizi chochote. Foleni aliwaeleza wenzake kwa furaha ya mzazi kwamba kompyuta huanza kuhesabu kutoka sifuri, na kwenye ile sifuri inasimama programu yenyewe, ndiyo inayoongoza mstari. Wenzake waliitikia kwa vichwa, kisha wakarudi kwenye shughuli zao.

Shida ilikuja kupitia kwa dada wa mapokezi, ambaye ndiye aliyeandika amri kila Foleni alipokwenda kula. Huyu dada ana sauti ya kutuliza mteja yeyote, na kila mtu kwake ni "mpenzi wangu". Siku moja akaletewa kazi iliyohifadhiwa kwa jina lenye nafasi katikati, harusi ya shangazi.pdf. Akaiandika hivyo hivyo. Programu, kwa kuwa hutenganisha maneno kila inapoona nafasi, ikatafuta faili linaloitwa harusi, ikataka kuchapa nakala "ya", zenye upana wa "shangazi.pdf". Ikazimika. Foleni aliporudi alimweleza dada kwamba kosa ni la shangazi.

Kosa la pili halikuwa na wa kusingiziwa. Walimu wa shule ya jirani waliagiza bango la kumuaga mwenzao anayestaafu. Mteja huzungumza anavyoona kitu kichwani mwake: bango la mita tatu, nataka mawili. Dada akaandika kama alivyoambiwa, mia tatu kwanza, mbili baadaye. Programu haikushtuka. Ikachapa mabango mia tatu, kila moja lina upana wa sentimita mbili.

Walimu walikuja kuyachukua zikiwa zimebaki dakika arobaini sherehe ianze. Mwalimu mkuu akapewa bahasha. Akachungulia ndani, akatoa kibango kimoja kwa kucha, akakisogeza karibu na jicho, akakisogeza mbali.

"Hii inasema nini?" akauliza.

"Inasema hongera mwalimu wetu," dada akamjibu kwa upole. "Ukikaza macho unaona mpaka nembo ya shule."

Mwalimu mkuu aliondoka na bahasha yake bila kuaga. Baadaye ikasikika kwamba walimu walivibandika vile vibango mashavuni, na mstaafu alizunguka ukumbi mzima akiwasogelea wenzake, amekaza macho ili asome, watu wakidhani analia. Kiwandani hakuna aliyecheka, kwa sababu Bosi alikuwa amesimama pale.

Bosi ni mtu mnene, mpole mpaka akasirike, na kompyuta hajawahi kuigusa. Alimwita Foleni mbele ya watu.

"Ijumaa saa nne asubuhi nitakaa hapo kwenye kiti chako," alisema. "Mimi mwenyewe. Nitachapa bango kwa hiyo programu yako, na wewe hutanifundisha kitu. Likitoka sawa, programu inabaki. Likienda kombo naitoa, nanunua nyingine, na wewe unarudi kwenye kisu."

"Bosi, ukishajua mpangilio ni rahisi sana."

"Mpangilio wako uko kichwani kwako. Na kichwa chako sijakiajiri peke yake."

Foleni alirudi kitini. Alikuwa na hofu, tena ya kweli. Alikiona chumba cha nyuma, akakisikia kile kisu kikishuka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wangesema alijaribu akashindwa.

"Niseme kitu?" dada wa mapokezi akamuuliza.

"Usiseme."

"Mteja akija akaniambia 'mbili, mia tatu', mimi namuuliza, mbili nini mpenzi wangu, na mia tatu nini. Hiyo yako mbona haiulizi? Inajifanya inajua, inaendelea tu na ujinga."

Foleni alinuna siku nzima. Akanywa chai kabla ya mkate na hata hakugundua. Lakini njiani kurudi nyumbani yale maneno yakawa yanamfuata, na alipofika alikuwa ameshakubali, ingawa kimoyomoyo, maana kukubali kwa mdomo kulikuwa kunahitaji siku nyingine.

Hapo mlangoni kwake alikutana na mambo ya kawaida. Mke wake alikuwa jikoni, na kabla hajavua viatu akamtuma dukani kwa utaratibu ambao Foleni mwenyewe aliuanzisha mwaka waliooana.

"Tatu, mbili, moja," alisema mke wake.

Kwa majivuno Foleni husema hakuna nyumba nyingine inayotumana dukani kwa maneno matatu. Kuna karatasi nyuma ya mlango, yenye mwandiko wake, inayoonyesha mpangilio: sukari, mishumaa, sabuni. Akaenda, akarudi na kilo tatu za sukari, mishumaa miwili na sabuni moja. Mke wake akapokea kimya. Foleni akaenda kuoga, na kama kawaida akakuta kipande cha sabuni chembamba kinachopita mwanga, akawafokea watoto kwa kuchezea sabuni. Watoto wamezoea.

Kesho yake akaanza kuifumua programu. Kila neno sasa likapewa jina lake, lenye vistari viwili mbele: --faili, --nakala, --upana. Ukishalitaja jina, lije mwanzo, lije mwisho, programu inalijua. Foleni alipoandika upana kwanza na faili mwisho ili kujaribu, aliangalia mlangoni kama anaiba. Bango likatoka sawa. Hakufurahi kama alivyotegemea. Alijaribu tena mara nne, akitumaini kidogo kwamba litakosea.

Jina la faili lenye nafasi likawekewa alama za kunukuu, ili shangazi akae pamoja na harusi yake. Na kama kuna kitu kimekosekana, programu isimame iulize. Lakini iulize vipi? Foleni aliandika, "KOSA LA PILI." Dada akasoma juu ya bega lake.

"Sasa mtu akiona kosa la pili ataanza kulitafuta la kwanza," akasema. "Sogea."

Akaanza kumtajia maneno, Foleni akaandika yote kama yalivyo, maana muda ulikuwa umebaki mchache. Sentensi moja tu aliitunga peke yake, ile ya mtu akitaja jina ambalo programu hailijui. Aliiandika akiwa na hasira na njaa, akakusudia kuibadilisha, akasahau.

Ijumaa saa nne Bosi akakaa kwenye kiti. Kikarudi nyuma kwa magurudumu yake mpaka ukutani, wakamsukuma tena mbele. Wafanyakazi wote walisimama nyuma yake, hata yule aliyemrithi Foleni kwenye kisu, aliyekuja na miwani ya kazini kichwani. Foleni alisimama mikono nyuma.

Bosi aliandika kwa kidole kimoja, akiyanakili yale majina kutoka kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya kompyuta. Ilichukua muda. Mwisho akabonyeza, na kwenye kidirisha cheusi yakatokea maneno. Bosi akayasoma kwa sauti.

"Upana umenipa, faili umenipa, asante. Nakala ngapi, mpenzi wangu?"

Akageuka polepole. "Inaniita mpenzi wake."

"Wateja wanapenda," alisema dada wa mapokezi.

Bosi akaongeza neno la nakala, akaandika mbili kwa herufi. Programu ikajibu kwamba imemsikia, ila ingeomba iandikiwe tarakimu, maana macho yake ni madogo. Bosi akaandika tarakimu. Kisha, kabla ya kubonyeza, akafikiri kidogo, akaongeza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: --rangi nyekundu.

Foleni alikumbuka ile sentensi yake. Akanyoosha mkono kukizuia kile kidole, lakini kidole cha Bosi ni kizito na kilikuwa kimeshashuka.

Bosi akasoma. "Rangi ndiyo nini tena? Hapa hatuna kitu hicho. Usinitungie."

Yule wa kisu akashusha miwani yake machoni, pengine kwa kujikinga. Foleni akaanza kukiaga kiti kwa macho.

"Nani ameandika hii?" Bosi akauliza.

"Mimi," Foleni akasema. "Sio dada. Hiyo ni yangu."

Bosi akafuta neno la rangi, taratibu, herufi moja moja, akabonyeza. Mashine kubwa ikakohoa, ikaanza kuvuta. Yakatoka mabango mawili ya mita tatu kila moja, yameandikwa: USIEGESHE GARI MLANGONI. Bosi alikuwa anayahitaji kwa miaka. Akayashika upande mmoja, dada akashika mwingine, wakayanyoosha.

"Nimeyataja ovyo ovyo," Bosi alisema. "Upana kwanza, nakala mwisho. Na yametoka sawa."

"Ndiyo, Bosi."

"Miaka ishirini naendesha hapa. Nikisema kitu cha kipuuzi mnaitikia wote, ndiyo Bosi, ndiyo Bosi. Hii ndiyo ya kwanza kuniuliza." Akainuka, kiti kikakimbilia ukutani. "Inabaki. Na hiyo ya usinitungie usiitoe."

Foleni alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeota urefu. Mke wake alikuwa jikoni.

"Tatu, mbili, moja," alisema, bila kugeuka.

Foleni alishachukua mfuko. Alishafika mlangoni. Akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akauliza.

"Tatu nini?"

Mwiko ukanyamaza ndani ya sufuria. Mke wake aligeuka, akamtazama kuhakikisha ni yeye.

"Sukari," akasema.

"Na mbili?"

"Sabuni. Sabuni mbili, mshumaa mmoja. Siku zote sabuni mbili."

"Lakini karatasi inasema..."

"Karatasi ni yako, baba. Mimi sikuwahi kuiandika. Mwaka wa kwanza nilikwambia, ukanionyesha hiyo karatasi, ukaniambia foleni haivunjwi. Nikaona nisikuvunje moyo, ulikuwa unajivunia mno."

Akafuta mikono, akaenda kufungua kabati la juu, lile ambalo Foleni hajawahi kuwa na sababu ya kulifungua. Mishumaa ilikuwa imejaa mpaka dari, miaka kumi na moja ya mishumaa, ya kila wiki. Mmoja ukaanguka ukabingirika mpaka miguuni pake.

Foleni aliuokota. Alifikiria watoto aliowafokea, na vile vipande vya sabuni vinavyopita mwanga, akaona aibu mpaka masikioni. Akaenda nyuma ya mlango, akaibandua karatasi, akaigeuza upande usio na maandishi, akatafuta kalamu.

"Nini kingine?" akauliza.

Mke wake alivuta kigoda, akakaa. Ilibidi afikiri kidogo, maana hakuwa amezoea hilo swali. Kisha akaanza kutaja, kimoja kimoja kwa jina lake, na Foleni akaandika mpaka karatasi ikajaa, akageukia kiganja cha mkono.