Hotuba ya Baba kuhusu makaa

Jamani, leo asubuhi nyumbani kwetu makaa yalipigwa marufuku. Marufuku yenyewe haikufika adhuhuri!

Baba alitupa hotuba ya haja: miti yakwisha, joto limezidi, dunia yaungua, na sisi bado twapepea jiko.

Akalibeba jiko pamoja na gunia la makaa, akampa Bi Zuhura, jirani yetu wa dirisha kwa dirisha.

"Kuanzia leo twapika kwa umeme."

Mama akasema, "Haya."

(Mama akisema "haya" tupu, ogopa.)

Ilipokaribia swala ya Ijumaa, Baba akatoka chumbani na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Mama Salma, hebu nifukizie udi."

Mama akampa chetezo kitupu.

"Udi huu hapa. Kaa la moto liko kwa jirani."

Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi mzee wangu akavuka kichochoro, chetezo mkononi, kwenda kuomba kaa lake mwenyewe.

Bi Zuhura akamchungulia dirishani:

"Kaa nitakupa, Baba Salma. Lakini hiyo dunia inayoungua, twaifanyaje?"

Msikitini kaenda akinukia vizuri.

Sasa naulizia kwa niaba yake: chetezo cha umeme chauzwa wapi?