Gari Nililolificha Nyuma ya Mabati

Hainitoki akilini, mwanangu, ile asubuhi ya Jumapili mama yangu alipoteremshwa garini mbele ya mtaa mzima. Alikuwa keshavaa buibui jipya, keshajifukiza udi, na mapajani amepakata kikapu cha visheti vya kumpelekea dada yake Kendwa. Akateremka bila kuuliza neno, akasimama kando na kikapu chake.

Nakusimulia kwa sababu jana ulinionesha kwenye simu picha ya gari unalolitaka, lile la kifahari la kupandia milima, kuukuu lakini bado na heshima zake. Ukaniambia utalitengeneza mwenyewe nyumbani. Nikafurahi, maana mikono unayo. Halafu ukaniomba nisimwambie mtu mpaka liishe. Hilo ndilo lililonishughulisha tangu jana.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe. Mtu akishazoea kulifungua friji lililokufa na kulifunga likiwa zima, huanza kuamini kwamba hakuna kitu chenye skrubu kitakachomshinda. Nilikuwa najiona, mwanangu. Nasema hivyo bila kona, kwa sababu aliyenijua wakati ule atakwambia zaidi.

Tulikuwa tukiishi Ng'ambo, mimi na mama, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mama alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu mkubwa, aliyeolewa Kendwa, mbali huko kaskazini. Kiuno cha mama kilikuwa kibovu. Kila akipanda gari la abiria kwenda huko, akirudi hulala wiki nzima. Dada yake naye miguu ilikuwa imemwisha. Mwaka wa tatu ulikuwa unapita hawajaonana. Walikuwa wakizungumza kwenye simu, kila mmoja akimficha mwenzake kwamba analia, na mimi nipo pale nasikia. Nikajiapia kwamba nitampeleka, tena akiwa amekaa kama malkia.

Basi nikalipata hilo gari. Lilikuwa la hoteli moja ya pwani ya kaskazini, mwenyewe mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Rangi ya kijani iliyoiva, viti vya ngozi, dari yenye kioo. Badala ya springi za chuma lilikuwa na mifuko ya upepo, ukiwasha injini linanyanyuka taratibu kama mzee anayeinuka mkekani. Nilipolikuta lilikuwa limelala tumbo chini, mifuko imetoboka, injini inatoa moshi. Hayo sikuyaogopa. Niliuliza habari za injini, nikauliza giaboksi, nikauliza hata redio. Sikuuliza gari lilikuwa likifanya kazi gani pale hotelini. Kumbe kwa miaka lilikuwa likivuta boti za wageni kuzitoa majini, magurudumu ya nyuma yakizama kwenye maji ya chumvi asubuhi na jioni.

Sasa unajua mambo yetu. Mtu wa kwetu akinunua kitu kikubwa hasemi mpaka kimalizike, anaogopa jicho la husda. Mimi niliogopa kuliko wote. Nililileta mtaani juu ya lori saa ile ya Ijumaa wanaume wote wapo msikitini, nikaikosa sala kwa ajili yake, Mungu anisamehe. Nikalizungushia mabati uani, juu nikafunga turubai, na mama akapita kulifukiza ubani pembe zote. Jirani yetu Khamis, aliyekuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya Kizimbani, ndiye niliyemwogopa zaidi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza. Alipouliza ninagonga nini kila siku, nikamwambia ninajenga banda la kuku. Kwa miezi ile yote kila tukikutana ananiulizia mayai.

Lakini sitakudanganya, kazi yenyewe ilikuwa tamu. Kila nikitoka hotelini nilikuwa sina hamu ya chakula, nina hamu ya spana. Niliteremsha injini nikaipandisha. Nilishona viti upya kwa mkono. Mifuko ya upepo niliagiza, nikaifunga mwenyewe, na siku gari liliponyanyuka kwa mara ya kwanza nililikalia boneti nikacheka peke yangu kama mwehu. Nimefanya kazi nyingi maishani, furaha ya namna ile nimeipata mara chache.

Karibu na mwisho nikaingia uvunguni kupaka rangi. Huko ndiko nilikoiona kutu. Kila gari la namna ile lina vyuma viwili virefu vinavyolibeba lote, ndiyo chesisi, na kile cha kushoto, karibu na gurudumu la nyuma, kilikuwa kimevimba na kubanduka maganda. Nilikikwangua kwa ukucha, kikabanduka. Nikakaa pale chini nikifikiri. Mtaani tulikuwa na Mzee Makame, mtu wa Tumbatu, mchomeleaji wa mageti aliyejua chuma kuliko sote. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Kumwita ilikuwa ni kuita tu. Lakini nikimwita yeye, mtaa mzima utajua, na wengine watasema nimeuziwa maiti. Nikachukua lami na brashi, nikapaka mpaka pakawa peusi na laini. Nilipotoka uvunguni nikajisikia vizuri kabisa. Hapo ndipo ninapojionea haya mpaka leo.

Jumapili ile nikaondoa mabati ya upande mmoja, nikalitoa gari nje. Watu wakatoka majumbani, mashaallah hizi, mashaallah zile. Khamis akalizunguka mara mbili akaniambia banda langu la kuku lina magurudumu mazuri. Mama akapanda mbele, nikamfunga mkanda. Hapo akaja Mzee Makame, mikono nyuma, kanzu nyeupe. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akapita moja kwa moja mpaka gurudumu la nyuma bila kuitazama rangi wala viti. Akainama.

"Huku chini kukoje?" akaniuliza.

"Nshapaka, mzee. Kuzuri."

"Sikukuuliza rangi."

Akaomba spana. Akalala chali juu ya mchanga na kanzu yake ile, akaanza kugonga chuma kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, mwanangu, na kilikuwa kikilia. Kisha sauti ikafa, ikawa kama anayegonga boksi la karatasi. Akagonga tena, na spana ikazama. Alipotoka mkono wake ulikuwa umefumba, na sikujua ameshika nini. Akaenda kwenye mlango wa mama.

"Bi Mwanaidi, teremka kidogo. Gari halijawa tayari. Likiwa tayari tutakwambia."

Alisema tutakwambia, yaani yeye na mimi, na siku ile sikulisikia hilo. Nilisikia aibu tu. Nikamjibu mbele ya watu kwamba gari ni langu na mama ni wangu. Nilimjibu hivyo mtu aliyemshika baba yangu kumtia kaburini. Yeye akanishika mkono, akaniingiza nyuma ya mabati yangu, tukawa wawili tu, ndipo akafumbua kiganja. Kilikuwa kimejaa maganda ya kutu.

"Uliiona hii?"

"Niliiona."

"Na ukapaka lami."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Husda hujaiona, umeiogopa," akaniambia. "Kutu umeiona kwa macho yako, hukuiogopa. Sasa niambie, ulikuwa ukimficha nani?"

Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba pale ndipo unapofungwa mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma. Gari lingekwenda vizuri njia iliyonyooka, na kwenye kona ya kwanza ya mwendo chuma kingechanika, na gari zito namna ile likipinduka halichagui nani yumo ndani. Alisema hivyo bila kunikemea. Ningependa angenikemea. Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu, nikiutazama uwazi niliouacha kwenye mabati na mama yangu amesimama ng'ambo yake, bado ameshika kikapu.

Nilimwomba radhi mzee, akanipa. Akasema atanisaidia kuchomelea, kwa sharti moja: niyang'oe mabati yote. Kazi ifanywe peupe, anayepita aone na anayetaka kusema aseme.

Na walisema. Muuza barafu alikuwa na maoni, mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa na maoni, bibi mmoja asiyepata kushika usukani alitwambia tunakata vibaya. Mimi nikachomwa na maneno siku mbili tatu, kisha nikazoea, kisha nikaanza kuyangojea. Chuma kizuri cha kuunga tulikikosa mji mzima. Aliyetupatia ni Khamis, yule niliyekuwa nikilikinga jicho lake kwa turubai. Alikuwa na kipande cha chesisi ya trela kuukuu, kinene, amekihifadhi nyumbani kwake bila sababu, akaja nacho begani huku akitweta. Alinambia angenipa tangu mwanzo, lakini yeye alidhani ninafuga kuku. Tulicheka mpaka Mzee Makame akalazimika kuizima mashine.

Tulipomaliza, mzee aligonga tena kutoka mbele hadi nyuma, na chuma kikalia chote. Akamwita mama mwenyewe.

Safari ile ya Kendwa ilikuwa nzuri. Mama alishusha kioo, akawa ananitajia kila shamba tulilopita lilikuwa la nani zamani. Tulipofika Mahonda moyo ukanizidi, nikamwambia kweli yote: kwamba ile Jumapili ya kwanza nilijua kuna kutu, na nikampandisha hivyo hivyo. Nilidhani atashtuka. Akaendelea kutazama nje.

"Mie sijui vyuma, mwanangu," akasema. "Uliponambia panda, nlipanda. Na ungenambia tena siku ile, ningepanda tena."

Ikanibidi nilisimamishe gari kando ya njia. Akanipa visheti nile, akadhani nina njaa. Jioni ile nilimwacha amelala kitanda kimoja na dada yake, wanacheka kama wasichana, mimi nje nimekaa chini karibu na gurudumu la nyuma, namshukuru Mungu kwa kanzu ya Mzee Makame iliyochafuka.

Kwa hivyo sikukatazi kununua gari, mwanangu. Nunua, fungua, chafuka, ufurahi nalo kama nilivyofurahi mimi. Lakini kabla hujavikalia viti vya ngozi, lala chini uvitazame vyuma. Uliza gari limelala wapi na limefanya kazi gani, hasa kama limeishi karibu na bahari. Ukiona kibaya usikipake rangi. Mwite anayejua, hata kama atakucheka, na mwite mapema, kabla moyo wako haujaanza kulitetea gari. Jicho la watu mwachie Mungu, zipo dua zake. Kilichokuwa kibaya mbele ya macho yako ni kazi yako.

Na zaidi ya hayo, jua kwamba wanaokupenda hawatakuuliza kitu. Utawafungulia mlango, watapanda, watajifunga mkanda na kukushukuru. Wamekuachia wewe kuuliza kwa niaba yao. Uulize basi, uulize kwa sauti, mbele ya watu.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe gari zima na majirani wasemaji, na kila utakayempakia akufikishie salama kwa anayemngojea. Amin. Haya, nioneshe tena hiyo picha, kisha twende tukalitazame pamoja.