Kicheko Ndani ya Kofia

Nahodha wetu wa kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi, hukaa dawati la mbele yangu, na sijawahi kumwona mikono mitupu. Wa kushoto, uliojaa sugu za upanga wa mianzi, hufunua kadi za maneno ya Kiingereza zilizofungwa kwenye pete. Wa kulia huandika, hushika vijiti vya kulia chakula, hushika mswaki. Jumapili, kwenye fainali ya mkoa, alimpiga mpinzani kichwani pigo ambalo sikuliona kabisa, nilisikia mlio tu, na bendera za waamuzi watatu zikapanda pamoja kumpa pointi. Katika kendo, anayeshangilia pigo lake hunyang'anywa pointi. Yeye hakupepesa hata ukope. Aliinama, akatoka.

Kwenye treni ya kurudi akatoa kadi zake. Chizuru, mwenzetu wa timu, akamchokoza: "Nahodha, umeshinda au umefiwa? Cheka basi, humu hakuna mwamuzi!"

"Ngoja, we! Bado maneno kumi na mawili. Mtihani kesho."

Akayamaliza yote. Kisha akavaa kofia yake ya mapambano, ile yenye wavu wa chuma usoni, akageukia dirishani, akacheka. Alicheka mpaka stesheni ya tatu, mabega yakimtikisika, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwangalia.